Sinia Moja la Mbwa Wawili

Mbwa mgeni aliingia nyumbani kwa Restuta akiwa ndani ya tenga la samaki, na harufu ilifika kabla yake. Cletus, mumewe, aliegesha pikipiki chini ya mkorosho, akafungua mipira aliyofungia mzigo, akasimama kando kama mtu aliyeleta zawadi na sasa anangoja shukrani. Ndani ya tenga lilichomoza sikio moja zima, la pili lililoliwa nusu, kisha macho mawili yaliyomtazama Restuta bila kupepesa. Restuta alikuwa ameshika ungo wa mchele. Aliuweka chini polepole, akambeba mtoto wake Grace, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Vijana wa Sudi walikuwa wanampiga mawe pale pwani," Cletus alisema. "Kaiba samaki mmoja tu, tena wa kutupwa. Ningemwacha wangemmaliza."

"Kwa hiyo ukaona umlete atumalize sisi."

Cletus alicheka. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akienda Sudi kununua samaki wa kukaanga ili auze kijijini kwao Milola, na ilikuwa nadra arudi bila kitu kisichouzika: redio isiyosema, kasuku aliyekufa siku ya pili, mwavuli wenye mbavu tatu. Watu wa Milola walimpenda kwa hilo kwa sababu hawakuishi naye.

Restuta si kwamba alikuwa mwoga wa kila kitu. Nyoka aliyeingia jikoni alimmaliza kwa mpini wa jembe, kisha akaendelea kusonga ugali. Lakini mbwa wa njiani walikuwa kitu kingine. Alipokuwa msichana mdogo huko Likawage, mjomba wake aling'atwa kisigino na mbwa asiye na mwenyewe, akafunga kidonda kwa kitambaa, akacheka, akaenda shamba. Baadaye Restuta alimwona mjomba huyo amefungwa kamba kitandani, ameletewa maji kwenye kikombe, na mwili mzima unamrukaruka kwa kuyaona tu yale maji. Alizikwa wiki hiyohiyo. Tangu hapo Restuta akisikia kucha za mbwa nyuma yake barabarani, mate yalikuwa yanamkauka mdomoni.

Ni mbwa mmoja tu ambaye Restuta aliwahi kumzoea, naye ni Watasema, mbwa wa nyumba ile. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake Cletus, ambaye alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, akaona njia rahisi ya kumfikishia ujumbe ni kumwita mbwa kwa sauti kubwa kila jioni. Jirani alihama, mbwa akabaki na jina lake. Alikuwa dume mwekundu, mpana wa kifua, anayefukuza nguruwe pori shambani na kurudi kulala mbele ya mlango. Grace alijifunzia kusimama kwa kumshika masikio. Restuta alikuwa akiwaangalia hivyo na kujiambia kwamba huyu si mbwa, huyu ni mtu wa nyumbani.

Sasa Watasema alikuwa amesimama katikati ya uwanja, manyoya ya mgongo yamemsimama, na sauti ndogo nzito inamtoka kifuani. Mgeni alitoka kwenye tenga akajikunja chini ya pikipiki. Alikuwa jike, mbavu zinahesabika.

"Mfunge, baba Grace," alisema Restuta. "Mfunge mbali, nakuomba."

Aliyekataa ni mama mkwe, bibi Scholastica, aliyekuwa amekaa barazani anabangua korosho. Alikuwa mwanamke mwenye imani kubwa na mambo mawili, rozari na sinia. Katika ukoo wao, jambo likichafuka, watu hukalishwa kwenye sinia moja. Mashemeji wakigombana wanatengewa ugali mmoja na mboga moja, na hakuna ruhusa ya kuinuka mpaka sinia libaki tupu. Restuta mwenyewe alipoolewa alikalishwa na mawifi wasiomtaka, akala nao, na haikupita wiki wakawa wanasukana nywele. Kwa hiyo bibi Scholastica aliposema neno lake, hakuna aliyeona kwamba ni ajabu.

"Ukimfunga mgeni, mwenyeji anajua ni adui," alisema. "Watengee pamoja. Wakishakula sinia moja, yameisha."

Cletus aliona ni wazo la busara. Restuta hakuona, lakini hakuwa na la kusema, maana sinia lilikuwa limemsaidia yeye. Alisonga ugali mkubwa, akaumwagia mchuzi na vichwa vya samaki kwenye sinia kuukuu la bati, akaliweka katikati ya uwanja. Cletus aliingia ndani kutafuta kiberiti. Grace alikuwa amekaa barazani kwa bibi yake, ananyonya kidole.

Watasema alifika kwanza. Alikula matonge mawili, na hapo ndipo mgeni, ambaye pengine hakuwa ameona chakula kingi namna ile tangu azaliwe, alipotoka chini ya pikipiki, akatambaa na tumbo mpaka ukingo wa sinia, akanyoosha shingo. Watasema hakubweka wala hakuonya. Alimrukia shingoni.

Sinia liliruka, ugali ukatapakaa, na mbwa wakawa furushi moja la vumbi na kelele. Bibi Scholastica aliita watakatifu wote anaowajua. Grace aliteremka barazani na kwenda kwa Watasema wake, mikono mbele, kama anavyokwenda siku zote. Restuta alimwona, akili zikamruka. Hakumfuata mtoto kwa sababu mbwa walikuwa karibu zaidi. Alijitupa yeye mwenyewe kati yao, akashika ngozi ya shingo, akavuta kwa nguvu zake zote.

Shingo aliyoishika ilikuwa nyekundu. Watasema aligeuka na kumng'ata mkono, chini ya kidole gumba, meno yakaingia mpaka ndani. Restuta aliliona jicho lake, la kahawia, karibu kabisa na uso wake. Kisha mbwa akamtambua. Aliachia, masikio yakamlala, akaenda kusimama pembeni ameinamisha kichwa. Mgeni alikuwa chali mbele ya Restuta, miguu juu, analia kama mtoto mchanga.

Hivyo ndivyo Cletus alivyowakuta alipotoka mbio: mkewe anavuja damu, na mbwa wa kuokota miguuni pake.

"Amekung'ata," alisema. "Mimi ndiye niliyemleta, na amekung'ata."

Restuta alifungua mdomo. Bibi Scholastica alikuwa anamfunga kanga mkononi na kusema mbwa wa pwani hana adabu, Cletus alikuwa tayari anawasha pikipiki, na mdomo wa Restuta ukafunga wenyewe.

Hospitalini mjini Lindi muuguzi aliuosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu hata Restuta akadhani amesahauliwa. Alimchoma sindano, akampangia siku za kurudi kwa nyingine, akauliza ni mbwa gani.

"Wa kuokota," Cletus alijibu.

"Kachanjwa?"

"Mbwa wa pwani, nani amchanje?"

Muuguzi alimgeukia Restuta. "Ulimwona mwenyewe, mama?"

Restuta aliitikia kwa kichwa. Alimwona, ndiyo. Hakuna aliyemuuliza alimwona nani.

"Basi msimuue," alisema muuguzi. "Mfungeni kivulini, apate chakula na maji, mumtazame siku kumi. Akikataa maji, akitokwa na mate ovyo, akibadilika tabia kwa namna yoyote, nipigieni siku hiyohiyo. Na mtu mwingine yeyote ambaye mate ya mbwa huyo yamemgusa penye kidonda aletwe hapa. Msingoje dalili. Dalili zikija, sisi hatuna dawa tena."

Njiani kurudi, Restuta alimshika mumewe kiunoni kwa mkono mzima na kupanga maneno. Angesema wakifika. Lakini akifikiria kusema, aliwaona wanaume wa kijiji wanamjia Watasema na marungu, maana Watasema naye hakuchanjwa mwaka ule. Siku ya chanjo Cletus alikuwa Sudi na siku ikapita. Alimwona Cletus, aliyeachiwa mbwa yule na baba yake, akimtazama yeye kwa jicho lingine maisha yote. Na ilikuwepo sababu ya tatu, ambayo hata moyoni aliitamka kwa aibu: alitaka mgeni aondoke. Kama lawama ingemwondoa, basi lawama na imwondoe.

Mgeni alifungwa nyuma ya jiko kwa mnyororo. Watasema alibaki huru, akilala mbele ya mlango kama kawaida, na Grace akimlalia tumboni kama kawaida.

Hapo ndipo Restuta alipojua kwamba alikuwa amejitengenezea jehanamu yake mwenyewe. Nyumba nzima ilimtazama mbwa mmoja, yeye alimtazama mwingine. Cletus alikwenda nyuma ya jiko asubuhi na jioni, akarudi na taarifa: amekula, amekunywa, ametikisa mkia. Restuta aliitikia vizuri, huku jicho liko kwa Watasema. Alihesabu anavyolamba maji. Alisikiliza anavyobweka, kama sauti imekauka au ni ileile. Alibuni sababu za kumwondoa Grace pale mlangoni, mara aoge, mara ale, mara waende kwa jirani, na Grace alirudi kila mara, maana mtoto wa miaka mitatu huwezi kumweleza jambo ambalo umemficha baba yake.

"Mama Grace, unakonda," alisema Mwanaima, jirani wa upande wa pili wa uwanja, aliyekuwa hakaribii mbwa kwa sababu ya udhu wake lakini alikuwa anaona yote kutoka kwake. "Mkono unauma?"

"Unauma kidogo," alisema Restuta, ingawa mkono ulikuwa unapona vizuri.

Siku ya sita, asubuhi, aliweka maji kwenye bakuli la Watasema. Mbwa alikuja, akainamisha kichwa, akagusa maji kwa pua, akarudi nyuma. Restuta alisubiri. Alikuja tena, akafungua mdomo kidogo, akatikisa kichwa kwa nguvu, akaenda kulala kivulini. Uzi wa mate ulikuwa unaning'inia kwenye mdomo wake, nao mdomo haukufunga sawasawa.

Alijiambia ni joto. Alijiambia amekunywa kwenye dimbwi. Alichukua bakuli akalisogeza mbele yake kwa fimbo, na Watasema akageuza uso. Restuta alikiona kile kikombe cha Likawage na mwili wa mjomba unarukaruka, akaingia jikoni akajishika ukutani. Alisema atamwambia Cletus akishakunywa chai. Kisha akasema atamwambia akishamaliza kupakia tenga.

Kilio cha Grace kilitoka uwanjani. Alikuwa amejikwaa kwenye mzizi wa mkorosho, goti limechubuka, damu inatoka kwa vitone. Kabla Restuta hajafika mlangoni, Watasema alishainuka kivulini. Alimfuata mtoto, akainama, akaanza kumlamba goti.

"Mwache," alisema bibi Scholastica kutoka barazani, anacheka. "Ulimi wa mbwa ni dawa. Angalia, mtoto amenyamaza."

Grace alikuwa amenyamaza kweli. Alikuwa ameukumbatia ule mdomo unaotiririka mate.

Restuta hakupiga kelele. Baadaye watu walimsifu kwa hilo wakidhani ni ujasiri, lakini ukweli ni kwamba sauti haikuwepo. Alitembea. Uwanja ule alioufagia kila asubuhi ulikuwa umerefuka kama barabara ya Lindi. Watasema alimwona anakuja na akanguruma, sauti ndogo, ambayo hakuwahi kumtolea hata siku moja. Restuta alisimama. Kisha aliinama, akanyoosha ule mkono wenye bandeji, akauweka kati ya mdomo wa mbwa na goti la mtoto. Alisema moyoni, kama ni kung'ata, ng'ata hapahapa ulipokwisha kung'ata. Kwa mkono wa pili alimshika Grace kwenye nguo, akamvuta taratibu mpaka akampata kifuani.

"Baba Grace," aliita. Sasa sauti ilikuja, nyembamba. "Aliyening'ata ni Watasema. Si yule. Ni Watasema, na leo hanywi maji."

Cletus alikuwa na tenga mikononi. Alilishika vilevile kwa muda, kama mtu ambaye hajaambiwa aweke wapi. Bibi Scholastica aliacha kubangua.

"Tangu siku ile unajua?" aliuliza Cletus.

"Tangu siku ile."

"Na mtoto analala naye."

Cletus aliweka tenga chini. Alikwenda nyuma ya jiko, akamfungua mgeni mnyororo, akaja nao ukiburuzika. Alimwita Watasema kwa jina, sauti ikamkatika katikati, akamfunga kwenye shina la mkorosho huku machozi yanamshuka na wala hayafuti. Mgeni alisimama mlangoni mwa jiko akitazama, huru, na hakuna aliyekumbuka kumwogopa.

Walimwosha Grace goti kwa sabuni mpaka akapiga mayowe, wakaenda naye Lindi. Muuguzi alikuwa yuleyule. Aliposikia habari hakumgombeza Restuta, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Alimchoma mtoto sindano na kusema imewahi. Restuta aliuliza tena na tena kama ana hakika imewahi, muuguzi akamjibu kila mara bila kuchoka.

Jioni yake alikuja mtaalamu wa mifugo wa kata, Antonia, ambaye watu walimwita Bwana Mifugo ingawa alikuwa mwanamke aliyesuka rasta. Alivaa glavu nene, akamchunguza Watasema kutoka mbali kwa muda mrefu, kisha akaomba Cletus amkaze mnyororo, akamfunga mdomo kwa kamba, akainua mdomo wa juu kwa kijiti.

"Jino kubwa limepasuka," alisema. "Fizi imevimba, ina usaha. Alilivunja kwenye sinia au kwenye mfupa wa mwenzake. Maji ya baridi yakigusa hapo anaona nyota."

"Kwa hiyo hana kichaa," alisema Cletus.

"Sijasema hivyo. Nimesema ana jino. Kichaa tutajua siku zikitimia. Mpaka hapo hakuna anayemgusa." Aliwatazama wote, kisha akamgeukia bibi Scholastica kwa heshima. "Bibi, shikamoo. Nimesikia habari ya sinia. Watu wakila pamoja wanapatana. Mbwa wanatakiwa wapatane kwanza, tena mbali na chakula, mbali na uwanja wa mwenyeji. Barabarani, kila mmoja na kamba yake, watembee upande kwa upande mpaka wachoshane."

"Marahaba," alisema bibi Scholastica, akaivuta rozari yake.

Antonia alikuwa akija kila siku kumchoma Watasema sindano ya kukausha usaha. Grace alilala kwa Mwanaima, ambaye alimpokea bila kuuliza kitu. Cletus alizungumza na mkewe mambo ya chumvi na kuni tu. Restuta alikaa barazani mchana kutwa anatazama mkorosho, na kila Watasema alipohema kwa nguvu, alisimama. Alimwogopa yule mbwa kama hajawahi kuogopa kitu, na alimwombea, na hakujua anaomba zaidi kwa ajili ya mbwa au kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya macho ya mumewe.

Siku ya nane Watasema alilamba maji. Alilamba kidogo, akapumzika, akalamba tena mpaka bakuli likaisha. Restuta alijaza lingine kwa kopo, akalisogeza kwa fimbo, akajificha nyuma ya mlango kulia.

Siku zilipotimia, Antonia alikuja na chanjo za mbwa wawili, akamaliza kazi yake, akawapa kamba mbili. Cletus alichukua ya Watasema kwa mazoea. Restuta alinyoosha mkono.

"Nipe huyo," alisema. "Wewe mchukue wako."

Cletus alimtazama, kisha akampa.

Walitoka kwenye njia ya mikorosho, mbwa wakiwa pande za nje na watu wawili katikati. Watasema alinguruma mara mbili, mgeni akajikunyata, wakaendelea kutembea. Baada ya muda kila mmoja alikuwa ananusa majani yake. Kamba ilikuwa inamkata Restuta kiganja, palepale penye kovu, na kichwa kikubwa chekundu kilikuwa karibu na paja lake.

"Ulidhani ningemchagua huyu mbwa, si wewe?" aliuliza Cletus. Hakumtazama.

"Ndiyo."

Cletus aliivuta kamba kumtoa mgeni kwenye kichaka. "Siku ile ya kwanza," alisema, "hata mimi sijui ningefanya nini."

Lilikuwa jibu baya, na Restuta alilipokea kwa sababu lilikuwa la kweli, la kwanza kati yao tangu tenga lile lifike. Watasema aligeuza kichwa ghafla kumtazama mgeni, na Restuta akaivuta kamba. Alimwogopa mpaka walipofika barabara kuu, akamwogopa walipogeuza kurudi, na walipokaribia nyumbani na kumwona Grace anawapungia mkono kutoka uwanjani kwa Mwanaima, aliizungusha kamba mara moja zaidi kwenye mkono wake, akaendelea kutembea.